Ramani ya Panya na Macho ya Mchoraji

Mwanafunzi mwenzangu aliniuliza juzi mtu wa fasihi anatafuta nini katika ubongo wa panya. Swali ni la haki.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1971, jijini London, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza kuhusu seli za hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, ambazo hutoa mapigo ya umeme panya anapofika mahali fulani, akiondoka, hunyamaza. Mwaka 2005 kundi la May-Britt na Edvard Moser, huko Trondheim nchini Norwe, likatangaza seli jirani zinazoamka katika vituo vingi vilivyopangika mithili ya sega la nyuki. O'Keefe na wawili hao walitunukiwa Nobel mwaka 2014.

Lakini seli hizo hujifunzaje? Mwaka 2018 watafiti wa DeepMind na wenzao walifunza mtandao wa neva wa kompyuta kukadiria ulipo kwa kujumlisha kasi na mwelekeo wa mwendo wake. Ndani yake mkazuka sega, bila ya kuagizwa. Wengi walishangilia.

Mimi sikushangilia. Mwaka 2022 Rylan Schaeffer, Mikail Khona na Ila Fiete walieleza jinsi walivyofunza mitandao zaidi ya 11,000. Mingi ilijua ilipo. Sega, hata hivyo, lilizuka tu pale waundaji walipoteua kwa namna mahususi umbo la majibu ambayo mtandao ulitakiwa kuyatoa. Watetezi hujibu kwamba uteuzi huo si hila, kwamba nadharia yenyewe hubashiri masharti yaletayo sega. Sawa, lakini basi tusiseme kwamba sega limejizukia lenyewe.

Ugonjwa huu sisi wa fasihi tunaujua. Mhakiki huingia riwayani na nadharia mfukoni, akaitoa humo humo, kisha akatangaza kuwa ameiokota. Nami nimo. Katika rasimu ya tasnifu yangu niliiona saikolojia changanuzi katika kila sura, hadi msimamizi wangu akauliza: ni riwaya gani ambayo ungeisoma usiione? Nilikosa jibu, na sura mbili zikaenda na maji.

Sisemi vielelezo vya kompyuta vitupwe. Ninachodai ni kwamba anayetuonyesha mtandao uliozaa sega atuhesabie pia ile isiyozaa, na atamke kabla ya jaribio ni tokeo gani lingemfanya akiache kielelezo chake.