Siri ya Ndoa Haiwafungi Wahudumu wa Ambulansi

Imejikita katika nyoyo za watu wengi, na baadhi ya wahudumu wa ambulansi wamo, itikadi ya kwamba mambo ya mume na mke hayaingiliwi, na kwamba aliyeitwa kumchukua mwanamke aliyejeruhiwa hana wajibu ila kumlaza machelani, kumfunga bandeji na kumfikisha hospitali, yaliyojiri nyuma ya mlango akiwaachia wenyewe. Itikadi hiyo ni batili, tena inaua.

Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimu miaka 15. Na bunge, kwa sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, lilikwisha kukata shauri kwamba dhuluma hiyo si faragha ya ndoa. Basi ni nani aionaye ingali mbichi? Daktari aghalabu huletewa jeraha lililokwisha kuoshwa na kisa kilichokwisha kupangwa. Mhudumu wa ambulansi ndiye aingiaye chumbani kabla kiti kilichopinduka hakijasimamishwa, akasikia mume akijibu kila swali aulizwalo mke, akaona kovu la zamani kando ya donda jipya, akasimuliwa habari za kuanguka ngazini katika nyumba isiyo na ngazi.

La kuogofya zaidi ni kukabwa koo, kwani aliyekabwa aweza asiwe na alama yoyote shingoni, akawa na sauti ya kukwaruza tu, au taabu ya kumeza, au vidoa vyekundu machoni, kisha hali ikamgeuka saa nyingi baadaye kwa uvimbe wa njia ya pumzi au kuchanika kwa mshipa wa damu. Asipoulizwa, "Je, alikushika shingo?" huenda asiseme kamwe, maana hadhani kuwa ni hatari.

Watateta wapinzani kwamba mhudumu si askari, na kwamba kuuliza kwaweza kumzidishia mke balaa. Naam, mbele ya mume swali hilo ni hatari, na ndiyo sababu halipasi kuulizwa hapo. Mume na apande mbele kwa dereva, au afuate kwa gari jingine. Mlango wa nyuma ukishafungwa, mke aulizwe kwa upole, na akinyamaza asishurutishwe. Akisema, kauli yake iandikwe kama alivyoitamka na muuguzi apashwe habari faraghani. Aambiwe juu ya namba ya msaada kwa wanaodhulumiwa, 1195, ipigwayo bure. Na iwapo alinajisiwa, ajue kwamba dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Enyi mnaoziendesha ambulansi za kaunti na za mashirika, wafundisheni watu wenu kuuliza kama mnavyowafundisha kuzuia damu, na fomu zenu zitengeeni nafasi ya majibu.