Umaridadi Hauko Kwenye Bei

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku hizi nguo haiazimwi. Huazimwa fedha za kuinunulia, tena kwa kubonyeza simu, na riba huanza kuhesabiwa kabla nguo haijaingia jasho. Nimeyaona hayo Kabuchai, nami sitanyamaza.

Huku Bungoma kiangazi huingia Desemba. Mvua hukatika, mahindi huwa yamekwisha kuvunwa, na watu hutoka: harusi, kutembelea jamaa, maporomoko ya Nabuyole kule Webuye, au safari ya Kitale kutazama makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974. Ni haki yao. Aliyeinama shambani tangu Machi hana budi anyooshe mgongo, na anyooshapo mgongo hutaka kupendeza. Mimi mtu wa pwani simlaumu. Kwetu hata mchukuzi wa bandarini ana kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe, iliyopigwa pasi.

Balaa ni kwamba baada ya Desemba huja Januari, na shule hufunguliwa. Katika soko la Chwele kijana mmoja alinionyesha viatu vyeupe alivyonunua kwa mkopo wa simu. "Mzee," akaniambia, "matembezi ni mara moja kwa mwaka." Nikamwuliza, "Na karo ya mdogo wako, mwanangu?" Akainama akavitazama viatu.

Na soko hilo hilo ni chuo cha umaridadi kwa atakaye kujifunza. Robota la mitumba likifunguliwa, wenye fedha huwahi "kamera", yaani zile nguo safi za kwanza. Zinazobaki mwisho huitwa "fagia", nazo hulundikwa chini kwa bei ya kutupa. Nilimwona mama mmoja akiichambua fagia bila haraka. Hakusoma jina lililoshonwa kwenye kola. Alivuta mshono, akainua kitambaa juani aone kama kimechakaa, akatazama makwapa. Akaondoka na koti la kijivu kwa shilingi 200. Fundi wa cherehani pale barazani akalibana mabega, akafupisha mikono na kubadili vifungo kwa shilingi 150. Alipolivaa, ungeapa koti lilikatwa kwa kipimo chake tangu mwanzo.

Siri ni hiyo. Nguo hupendeza kwa kumkaa mtu, wala haijali ilinunuliwa kwa ngapi. Mwenye kuchagua rangi zinazooana, mashati mawili na suruali mbili humpa sura nne. Leso moja hufungwa kiunoni asubuhi, hutupwa mabegani jioni, na mchana hutandikwa chini ya mti. Na kila nguo ina mahali pake: mwenye kwenda Saiwa kuwatafuta nzohe kwenye kinamasi, akipita juu ya vile vidaraja vya mbao kwa viatu vya visigino virefu, atachekwa hata na nyani.

Najua watakaoniuliza: Je, mitumba haikuviumiza viwanda vyetu? Iliviumiza, ingawa haikuwa peke yake. Ndiyo maana mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua, na mwaka uliofuata Kenya ikarudi nyuma. Mjadala huo ni wa wakubwa na bado haujaisha. Lakini mkulima wa Kabuchai hawezi kukaa uchi akiungojea. Lililo mikononi mwake ni hili: shilingi anayompa fundi wa jirani hubaki kijijini, ikanunua unga na daftari, riba ya mkopo huondoka isirudi.

Basi vijana, tembeeni na mpendeze, ila kwa fedha zenu. Kiangazi kiishe, nguo ibaki, deni lisiwepo.

Mwalimu wangu wa chuoni, aliyetufundisha tukiwa tumekaa mkekani, alikuwa na kanzu mbili tu: moja mwilini, moja kambani. Hatukumwona mchafu hata siku moja, wala hatukusikia mtu akibisha mlangoni pake kumdai. Nimevaa suti nyingi tangu siku hizo. Sijapata kupendeza kama yeye.