Ufupi si kasoro ya Limbo

Mwandishi, katika uhakiki wako umeionea Limbo, gemu ya video. Kuilaumu kwa sababu inaisha ndani ya saa tatu au nne ni kupima hadithi kwa kilo, kama dagaa wa Kibirizi. Ilipotoka kwenye Xbox mwaka 2010 ikiuzwa dola 15, lawama hiyo ilikuwa na uzito. Toleo la simu ni la bei rahisi zaidi, na ukishalipakua halili bando. Kwetu huku Ujiji hilo si dogo. Tena haina maongezi, hivyo hata asiyejua Kiingereza anacheza bila mkalimani.

Kasoro halisi hukuigusa. Nusu ya kwanza, mvulana msituni na yule buibui mkubwa, inatisha kweli. Kisha watengenezaji wake, Playdead, wanatuhamishia kiwandani, kwenye misumeno, sumaku na mitambo ya kugeuza juu kuwa chini, na hofu yote inageuka hesabu. Mafumbo mengine huyajui mpaka ufe kwanza. Huko si kufikiri, ni kubahatisha!

Mwisho usioelezwa sina ugomvi nao. Ila tafadhali cheza pia Inside, gemu ya 2016, ya kampuni hiyohiyo ya Denmark, ndipo utoe hukumu.