Mvi Si Ushahidi

Walimu wenzangu, kila mwaka twawafunza wanafunzi kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo yaandikwa ubaoni, yanakiliwa madaftarini, na mtihani ukiisha yasahauliwa. Huko Kilifi wako wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, si kwa kujipamba, bali kwa kuogopa kuuawa, maana mvi zimefanywa ushahidi wa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wa umri mkubwa walichomwa moto kwa tuhuma hiyo. Usukumani, macho mekundu yamewaponza akina bibi wengi, ilhali wekundu ule ni wa moshi wa meko waliyopikia watoto na wajukuu. Wala tusidhani ni mambo ya jirani: huku Kivu ya Kusini nako wameuawa.

Wako wasemao kwamba hii ni imani, na imani haihojiwi. Hoja hiyo ni dhaifu. Mbona mara nyingi mshukiwa ndiye mwenye shamba, na mshtaki ndiye mrithi? Imani gani hiyo ijuayo mipaka ya ardhi?

Nasi hatuna udhuru. Katika hadithi nyingi tusomeshazo, ajuza mwenye mkongojo ni mchawi tangu ukurasa wa kwanza. Mtoto hufunzwa kumwogopa bibi yake kabla hajajua kumwamkia. Tuzisomeshe hadithi hizo, lakini tumwulize mwanafunzi: nani amsingizia ajuza huyu, naye atapata nini akifa? Asiyeuliza hivyo darasani, methali za wazee asizifundishe.