Mnalicheka gemu langu la nyungunyungu? Haya, nisikilizeni

Najua nimeadimika, lawama zote nazipokea. Tulikuwa TP, tukarudi, bumu likachelewa, test zikafuatana kama magari ya harusi, kuja kushtuka wiki tatu zimepita sijaandika hata mstari. Leo desa nimeliweka pembeni kidogo, maana kuna jambo linanikereketa rohoni.

Jambo lenyewe ni gemu. Ndiyo, gemu. Mwenzangu wa chumbani na wageni wake wameshanipa jina, naitwa Madam Nyungunyungu, eti kwa sababu kila nikimaliza msuli nafungua laptopu nacheza Earthworm Jim. Wanasema ni la kizee, ni la watoto, halina hata mpira. Leo natoa utetezi wangu, halafu mtahukumu wenyewe.

Kwa msiolijua, gemu hili lilitoka mwaka 1994, kwa hiyo linatuzidi umri wote humu bwenini. Lilitengenezwa na Shiny Entertainment, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na David Perry, jamaa wa Ireland ya Kaskazini. Jim mwenyewe alibuniwa na mchoraji Doug TenNapel. Enzi hizo lilichezwa kwenye mashine za Sega na Super Nintendo. Mimi aliniwekea kaka yangu, akaniambia, "Ukichoka na vitabu, mtafute huyu."

Kisa chake ni hiki. Jim ni nyungunyungu wa kawaida kabisa, yule yule tunayemchimba kwenye udongo wa mvua tukamfanye chambo. Siku moja anakimbia kunguru wasimle. Huko juu angani kuna watu wanagombania vazi la ajabu lenye nguvu, vazi linaponyoka, linaanguka duniani, na Jim anajikuta yumo ndani yake. Basi! Hakufaulu mtihani wowote, hakuchaguliwa na mtu. Kuanzia hapo ana mikono, ana miguu, ana bunduki, na kichwa chake mwenyewe anakitumia kama mjeledi. Anaondoka kwenda kumwokoa binti mfalme.

Binti mfalme naye jina lake ni Princess What's-Her-Name, yaani kwa Kiswahili chetu Binti Mfalme Nani-Vile. Jamani! Maadui nao wamo wa kila aina. Kuna profesa mwenye nyani kichwani. Kuna samaki wa kwenye bakuli anayejiita muuaji, na ukimfikia pambano linaisha hata halijaanza. Kuna hatua unayocheza kama motoni, muziki unaanza kwa kishindo cha kutisha, mara unageuka ule muziki laini wa kwenye lifti, huku nyuma watu wanapiga mayowe. Na humo motoni, rafiki zangu wa sheria mnisamehe, kati ya maadui wamo mawakili.

Halafu kuna ng'ombe. Hatua ya kwanza kabisa unaangusha friji, ng'ombe anarushwa angani. Unacheka, unasahau, unaendelea na safari. Unapigana weee mpaka mwisho, unamshinda malkia, Nani-Vile huyo amesimama mbele yako, na ng'ombe yule wa mwanzo anashuka toka angani anamwangukia. Mwisho wa gemu.

Mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kubishana na nyie. Mnadhani nalipenda kwa sababu ya vichekesho tu. Hapana. Earthworm Jim ni gumu. Nimeshakufa humo mara zisizo na idadi. Kuna gemu nyingine ukishindwa mara tatu unaona linakudharau, unazima unalala na hasira. Hili ukishindwa unajikuta unacheka, kwa sababu ndani yake hakuna mkubwa. Shujaa ni nyungunyungu, malkia ni kituko, na hata zawadi uliyoipigania inaangukiwa na ng'ombe. Ukimwacha Jim amesimama bila kazi, anarukia mwili wake mwenyewe kama kamba. Mahali ambapo kila mtu ni kichekesho, kukosea kwako hakuna aibu. Unajipangusa vumbi unaanza tena. Mimi nasema huo ndio utamu wake, na watu waliolitengeneza walijua wanachofanya.

Mtaniuliza, sasa wewe mwalimu mtarajiwa hayo yanakuhusu nini? Yananihusu sana, na hapa sicheki.

Kwenye TP nilipewa kidato cha kwanza, Biolojia. Mnajua wenyewe hali ilivyo: mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari ya serikali anakuta karibu kila kitu ni Kiingereza. Nilikuwa nafundisha milango ya fahamu. Kijana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono mwenyewe, akaomba asome aya kwenye kitabu. Akafika kwenye neno "tongue". Akalisoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti kubwa na kwa kujiamini: to-ngu-e.

Darasa zima likalipuka. Na mimi nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka kabisa, nikashika meza.

Yule kijana akakaa chini. TP yetu ilikuwa wiki nane, na hiyo ilikuwa wiki ya pili. Wiki sita zilizobaki hakunyoosha mkono tena. Daftari lake safi, majibu yake sahihi, lakini sauti yake sikuisikia. Nikimtaja jina alikuwa anasimama, anatazama sakafu, anasema, "Sijui, madam." Alikuwa anajua! Mimi na darasa tulikuwa tumeshamfundisha kwamba kusema ni hatari.

Tuliporudi chuo nikafungua Jim, nikafika kwenye hatua ya kijibwa kiitwacho Peter Puppy. Kijibwa hiki kinatembea chenyewe, hakina habari, na kazi yako ni kukifikisha salama. Mbele kuna mashimo na hatari nyingine. Kikiumia kinageuka zimwi kubwa, na hilo zimwi halimshambulii adui, linakugeukia wewe Jim linakupa kipigo. Nikawa natukana gemu. Kosa kafanya yeye, mbona napigwa mimi?

Nikanyamaza kidogo. Kosa hakufanya yeye. Njia nilitakiwa niisafishe mimi, shimo nililiona mimi. Gemu lilikuwa linamdai mwenye dhamana. Darasani kwangu ilikuwa kinyume: shimo nililiona mimi, maana neno lile nililijua ni gumu kabla ya kipindi, lakini aliyelipa ni mtoto wa dawati la nyuma.

Najua kuna mjuaji atasema, "Madam, mbona Peter unamrusha shimo kwa kumchapa na kichwa cha Jim?" Ni kweli, na sitetei. Mchapo ule unamrusha shimo, haumfundishi kuliona. Lingine likija anatumbukia vile vile kama haupo. Wanaosema mtoto haelewi bila kiboko nawaomba wacheze hatua hiyo jioni moja tu.

Kwa hiyo simaanishi darasa liwe kimya kama msibani. Kicheko kiwepo, tena kingi. Lakini kianzie juu. Mwalimu awe nyungunyungu wa kwanza. Nikienda TP ijayo, siku ya kwanza nitawasimulia kwamba mimi mwenyewe nilisoma "island" kwa kuitamka ile s mpaka kidato cha tatu, na hakuna aliyenirekebisha. Wanicheke mimi kwanza, washibe. Halafu tusome.

Yule kijana sijui kama nitamwona tena, shule ile ni mbali na sidhani kama watanirudisha huko. Ningekuwa nimemwomba msamaha siku ile ile, mbele ya wale wale waliocheka. Sikufanya hivyo. Nilidhani madam akiomba msamaha anashuka hadhi. Hadhi gani, jamani, ya wiki nane?

Basi wadau, huo ndio utetezi wangu. Jina la Madam Nyungunyungu nimelipokea kwa mikono miwili, endeleeni kuniita. Anayetaka kulijaribu gemu aje chumbani na chaja yake, lakini asije Alhamisi, tuna test. Na mnaokwenda TP mwaka huu, kabla hamjacheka, tazameni kwanza nani amesimama na kitabu mkononi.

Tuonane siku nyingine, Mungu akipenda. Peter ananisubiri.