Farumi ya Watu wa Mlimani

Maji ya mto Nduruma, yashukayo kutoka Meru yakagawanywa mashambani kwa mifereji, mabaki yake huingia Kikuletwa, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu na kuishia baharini kwa njia ya Pangani. Basi sahibu yangu aliponiuliza, kwa kejeli kidogo, watu wa mlimani tuna shughuli gani na elimu ya bahari, nilimjibu kwamba mto wetu una safari huko hata kama yeye hana.

Mita moja ya ujazo ya maji matamu ina uzito wa kilo 1000 hivi. Ya maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi, yakaribia 1025. Kwa jahazi tofauti hiyo ni haba, kwani liingiapo mtoni hudidimia kidogo likaendelea na safari. Ama nyambizi, ambayo imekwisha zama yote na haina ubavu uliosalia juu ya maji, ikiwa ni ya mita za ujazo 1000 na imesawazishwa baharini, ikitiwa katika maji matamu bila kupunguziwa kitu huwa imezidi tani 25, nayo haitatua ila chini kabisa.

Kinyume chake kiko Pemba. Mikael Genberg, Mswidi aliyejenga chumba chake cha chini ya maji mwaka 2000 katika ziwa Mälaren, ambalo maji yake ni matamu, ndiye aliyebuni na kile kilichofunguliwa Pemba mwaka 2013, ambamo mgeni hulala kiasi cha mita 4 chini ya uso wa bahari. Chumba kilichojaa hewa chataka kupanda, na maji ya chumvi hukisukuma juu kwa nguvu zaidi. Hivyo farumi iliyotosha ziwani haitoshi huko.

Farumi! Neno hili la manahodha, la mawe na mchanga uwekwao ngamani chombo kisipinduke, limelala bure, hali mwanafunzi wa sekondari Arusha akikariri fizikia kwa Kiingereza. Nashikilia kwamba afundishwe kwalo, tena kwa ndoo. Nyumbani tulijaza mchanga wa mto katika kichupa cha dawa, punje kwa punje, hata kikazama polepole mithili ya mtu anayesita. Tulipokoroga chumvi ndooni, kikapanda. Mwanangu mdogo, pasi na kuambiwa, alikitoa, akakifungua, akaongeza mchanga.