Shule iwafunze watoto kulipima neno la chuki

Kiswahili, lugha yetu ya taifa, kimetwishwa mzigo usio wake. Neno "doa" mtoto hulijua tangu angali mdogo, mama yake anapomkaripia kwa kuichafua sare ya shule. "Kwekwe" hulijua shambani, siku ya palizi. "Mende" humjua jikoni. Maneno haya matatu hayana hatia yoyote. Hata hivyo, mwezi Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyatia yote matatu katika orodha ya maneno ambayo, yakitamkwa kwenye jukwaa la siasa, huhesabiwa kuwa ya chuki. Miezi mitatu kabla ya hapo, Januari 2022, seneta mmoja alikuwa ametiwa mbaroni kwa kulitamka neno "madoadoa" katika mkutano wa hadhara papa hapa Eldoret.

Sisi tunaoishi Langas hatukuhitaji mkalimani wa kutufasiria neno hilo. Langas ni mtaa ulioko kusini mwa jiji la Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Ni mtaa wa vyumba vya kupanga, visima vya uani, vibanda vya mboga na karakana za jua kali. Waliouanza waliletwa na ardhi na kazi: hapa kuna mlinzi, fundi, mwuguzi wa hospitali ya rufaa na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Katika ploti moja utamkuta Mnandi, Mgikuyu, Mluhya, Mjaluo, Mkisii na Mturkana wakitumia bomba moja la maji. Anayetaka kuondoa "madoadoa" Uasin Gishu, kwa hakika anautaja mtaa wetu hata kama hakulitaja jina lake.

Neno hilo tumeliona likigeuka moto. Mapigano yaliyoanzia Meteitei, wilayani Nandi, mwezi Oktoba 1991 yalienea mwaka 1992 hadi Burnt Forest na sehemu nyingine za Uasin Gishu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakaja makubwa zaidi. Siku ya mwaka mpya wa 2008, makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa ndani ya kanisa walimokimbilia huko Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret. Langas nako nyumba zilichomwa, barabara zikazibwa kwa mawe, na familia kwa familia zikaenda kulala chini ya mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu nchini kote vifo 1,133 na mamia ya maelfu ya watu waliong'olewa makwao.

Kila baada ya msiba, Serikali na Bunge vimeandika. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti yake mwaka 1992. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliundwa mwaka 1998. Tume ya Waki ikawasilisha ripoti Oktoba 2008, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikafuata Mei 2013. Sheria nazo hazikosi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaharamisha matamshi ya chuki, na kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 chasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haumlindi mchochezi. Lakini sheria ina ila moja ya kimaumbile: huja baada ya neno. Polisi hawawezi kumkamata mtu kwa jambo ambalo bado hajalitamka, na likishatamkwa, masikio elfu yamekwisha kulipokea. Ndipo ninaposema kwamba chombo pekee kinachoweza kulitangulia neno ni shule, na kwamba tumekiacha chombo hicho kikae bila makali.

Sidai kwamba shule zetu hazijaambiwa la kufanya. Tume ya Ominde ya 1964, iliyorithi nchi ambamo mtoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walisoma katika madarasa tofauti kwa mujibu wa rangi, iliweka umoja wa taifa kuwa lengo kuu la elimu. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikasisitiza maadili, na chini ya mfumo wa 8-4-4 wanafunzi wa sekondari walifundishwa Elimu ya Jamii na Maadili hadi somo hilo lilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2008, majivu yangali moto, Wizara ya Elimu ilianzisha mpango wa elimu ya amani, na mwaka 2014 ikautungia sera. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Uraia ni mojawapo ya umilisi saba za kimsingi.

Orodha ni nzuri. Tatizo ni kwamba orodha ya maadili na kiwango cha kupimia ni vitu viwili tofauti. Mtaala huu humpima mwanafunzi kwa ngazi nne: anayezidisha matarajio, anayefikia matarajio, anayekaribia matarajio na aliye mbali na matarajio. Katika hesabu ya kugawanya, mwalimu anajua hasa ni nini kinachomfikisha mtoto kwenye ngazi ya pili. Katika "heshima" na "umoja", je? Mtoto anayeweza kuyataja maadili manane bila kukosea huandikiwa kwamba amefikia matarajio, kisha hutoka nje akamwita mwenzake jina la kabila kwa dharau. Amekariri dawa asiyoinywa. Nayo kawaida ya shule zetu inajulikana: kisichopimwa hakifundishwi, na kinachofundishwa kwa kukariri husahauliwa siku ya mwisho ya mtihani.

Ninayopendekeza hayahitaji somo jipya wala kitabu kipya kinene. Walimu wamelemewa tayari. Yanahitaji kiwango kilichoandikwa waziwazi ndani ya masomo yaliyopo, kisemacho mwanafunzi wa umri fulani aweze kufanya nini mbele ya neno la chuki.

Tuanze na Kiswahili. Kila mwanafunzi hufundishwa tashbihi na sitiari. Huulizwa katika shairi ni nini kimefananishwa na nini, na mshairi amekusudia nini. Basi aulizwe vivyo hivyo kuhusu "kwekwe". Ni nani amefananishwa na gugu? Gugu hufanywa nini shambani? Msemaji, bila kulitamka tendo lenyewe, amemwagiza msikilizaji afanye nini? Mtoto akiyajibu maswali hayo matatu, amekwisha kuuvua uchochezi nguo zake. Hii si siasa, ni uchambuzi wa lugha, na ndio uhai wa somo lenyewe. Nchini Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Neno la huko na neno la hapa ni mdudu yule yule. Mwanafunzi aliyefundishwa kuitambua sitiari hiyo kwa Kinyarwanda ataitambua kwa lugha yoyote, hata itakapobadilishwa jina.

Na majina hubadilika. Orodha ya tume ya 2022 ilizua ubishi mkubwa kwa sababu ilitia hata neno lililotokana na wimbo uliopendwa na vijana. Mimi sitaki kuingia katika ubishi huo, ila nitasema hivi: orodha ya maneno daima itachelewa, maadam mchochezi ana uhuru wa kubuni jipya kila uchaguzi. Akili iliyozoezwa kupima haichelewi.

Katika hesabu, tuna nafasi ambayo hatuitumii. Chuki hupenda kujivika tarakimu: "hao ndio waliojaza kazi zote", "hao ndio wezi wote". Mwanafunzi anayefundishwa asilimia na wastani afundishwe kuuliza: wangapi kati ya wangapi? Nani aliyehesabu, na lini? Mmoja akiiba, ni halali kuwahukumu elfu? Swali moja la namna hii katika kila mada ya takwimu lingetosha.

Katika masomo ya jamii, mtoto wa Langas asomeshwe historia ya ardhi anayoikanyaga, tabaka kwa tabaka. Jina Uasin Gishu lenyewe latokana na tawi la Wamaasai waliochunga hapa zamani. Wakafuata Wanandi. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, Serikali ya kikoloni ikawagawia uwanda ambao haukuwa wake. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaleta wafanyakazi na wafanyabiashara. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba ya walowezi yaliuzwa na kugawanywa, na hapo ndipo lilipozaliwa donge ambalo halijayeyuka hadi leo: nani alinunua kwa haki na nani alinyimwa kilichokuwa cha babu yake. Mtoto anayeijua historia hii yote hatadanganyika kwamba jirani yake aliangukia hapa kutoka mbinguni, wala hatalipuuza dai la yule anayesema wazee wake walipokonywa. Atajua kwamba manung'uniko ya haki yana mahakama na tume yake ya ardhi, na kwamba kiberiti si hati ya kumiliki shamba.

Najua hoja za upinzani, na si za kupuuzwa. Wako wasemao kwamba kuyazungumza ya 2008 darasani ni kutonesha kidonda. Darasani huketi mtoto ambaye babu yake alichomewa nyumba pamoja na yule ambaye ami yake alikuwa katika kundi la wachomaji, na mwalimu mwenyewe ana kabila. Ni kweli. Ndiyo maana mwalimu hupita juu juu na kukimbilia mada inayofuata. Lakini kunyamaza kwa shule si kunyamaza kwa mtaa. Hadithi hiyo mtoto huisikia nyumbani, upande mmoja tu, usiku, kwa sauti ya chini inayoingia ndani zaidi ya somo lolote. Shule ikikataa kuisimulia, imewaachia wasiopenda kusimulia yote. Mwalimu apewe mafunzo na apewe kiwango kilichoandikwa, ili mzazi akija na hasira aonyeshwe kwamba hayo ni matakwa ya mtaala, si ya mwalimu wa kabila fulani. Leo mwalimu mwenye ujasiri anasimama peke yake.

Wengine husema kwamba chuki haitokani na ujinga, na kwamba wachochezi wetu wana shahada. Nao wamesema kweli. Rwanda kulikuwa na walimu miongoni mwa wauaji. Zaidi ya hayo, kabla ya 1994 shule za huko ziliwaorodhesha watoto kwa kabila na kuwagawia nafasi kwa mizani hiyo. Funzo ninalolipata hapo si kwamba elimu haifai kitu, bali kwamba shule inaweza kufundisha chuki kwa mpangilio wake hata kama kitabu kinahubiri umoja. Nasi tujitazame. Mwaka 1985 Kenya iliweka utaratibu wa kuwatengea wenyeji asilimia 85 ya nafasi katika shule za sekondari za mikoa. Nia ilikuwa kusawazisha maendeleo, lakini kizazi kizima kilifika utu uzima bila kulala bweni moja na mtoto wa mkoa mwingine. Watoto wetu wa Langas, masikini kwa mali, katika jambo hili ni matajiri: mchanganyiko ambao taifa linautafuta kwa sera, wao wanao tangu kuzaliwa. Kinachokosekana ni mwalimu aliyeruhusiwa kuutumia.

Sitii chumvi nikisema kwamba wakati hautungojei. Mtoto aliyezaliwa Januari 2008, mama yake akiwa amekimbilia hema, anatimiza umri wa kupiga kura mwaka 2026, na kura yake ya kwanza katika uchaguzi mkuu ni ya Agosti 2027. Alipitia madarasa yote ya msingi katika nchi iliyokuwa na sera ya amani kabatini. Huyo tumekwisha kumchelewea, na lolote atakalolijua amelipata kwa mzazi mwema au kwa bahati. Nyuma yake wanakuja wadogo zake, nao bado wako madarasani. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Taasisi ya ukuzaji mitaala haina haja ya kuanza upya. Na ichukue maadili yake manane, iandike chini ya kila moja swali ambalo mtoto wa miaka 12 atapaswa kulijibu asikiapo mtu mzima, mwenye kipaza sauti mkononi, akimwita jirani yake doa.